GANZI NA DAWA YA USINGIZI KATIKA UPASUAJI WA TUMBO LA KUKU

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, wafugaji na wananchi



Si jambo geni katika vijiji na mitaa ya visiwa hivi kumwona kuku mzuri wa mayai amesimama pembeni mwa banda, mkia umeinama, tumbo limejaa, na akitakiwa kutembea hujivuta kwa shida. Huenda yai limekwama njiani. Huenda viini vimedondokea tumboni badala ya kuingia katika mrija wa mayai, vikaoza humo. Huenda pia amedonoa msumari au kipande cha waya, nacho kimetoboa firigisi. Mwenye kuku huyo huwa na njia mbili zinazojulikana: kumchinja mapema kabla hajafa, au kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Ipo na njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyosababisha mazungumzo haya. Njia hiyo ni ya kumlaza kuku chali, watu wawili wakamshika mabawa na miguu, mmoja akampasua kwa wembe akiwa macho, au akamdunga dawa ya ganzi ya binadamu kwa kukisia tu. Kuku wengi waliotendewa hivyo hufia mikononi, na lawama huangushiwa dawa.

Ukweli ni kwamba kuku anaweza kupasuliwa tumbo kwa usalama kwa kutumia dawa za sindano na ganzi, hata pasipokuwa na mtambo wa gesi ya usingizi kama ule wa hospitali kubwa. Linaloua zaidi ni kukisia: kukisia uzito, kukisia kipimo cha dawa, na kukisia kwamba kuku aliyenyamaza hana maumivu.

Hilo la mwisho linafaa litangulie. Wapo watu, na miongoni mwao wenye elimu, wanaoamini kwamba ndege hasikii maumivu kama ng'ombe au mbuzi, kwa kuwa hapigi kelele anapokatwa. Dhana hii imekwisha kuvunjwa na wataalamu. Mwaka 1985 watafiti wa Edinburgh, huko Scotland, walieleza namna mishipa ya fahamu katika mdomo wa kuku uliokatwa inavyofanya vinundu na kutuma ishara zisizo za kawaida, jambo linalofanana na lile la mtu aliyekatwa kiungo. Mwaka 2000, wataalamu wa Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya kuku wa nyama wenye kuchechemea waliowekewa vyakula vya aina mbili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu na kingine hakina. Kuku wenye kuchechemea walikula zaidi kile chenye dawa kuliko walivyofanya kuku wazima. Aliyekuwa akiumwa alijitafutia dawa mwenyewe. Kuhusu ukimya wake, kuku ni kiumbe anayewindwa, na mnyama anayewindwa hafaidiki kwa kumwonesha adui kwamba ameumia. Hivyo kunyamaza kwake chini ya wembe kusichukuliwe kuwa ni ridhaa.

Sasa inafaa lielezwe umbile la ndani la kuku, kwa sababu ndilo linaloufanya upasuaji wake kuwa kazi ya peke yake. Mbuzi na binadamu wana ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, na ukuta huo ndio unaovuta pumzi. Kuku hana ukuta huo. Mapafu yake ni madogo, yamegandamana na mbavu za mgongoni, nayo hayatanuki. Pumzi huvutwa na kusukumwa na mifuko myembamba ya hewa iliyotandaa kifuani na tumboni, na ili mifuko hiyo ijae, ni lazima mfupa wa kidari uweze kushuka na kupanda. Mtu anayemkandamiza kuku kidari kwa nguvu ili asifurukute anamziba pumzi bila ya kumshika koo. Vivyo hivyo, kuku aliyelazwa chali hubeba uzito wa matumbo yake juu ya mifuko ya hewa, na akikaa hivyo muda mrefu hewa humpungukia.

Zaidi ya hayo, daktari anapofungua tumbo la kuku mara nyingi hufungua na mfuko wa hewa. Damu au maji ya kuoshea yakiingia humo, huweza kufika kwenye mapafu na kuku akazama akiwa juu ya meza kavu. Kwa sababu hiyohiyo gesi ya usingizi, ingawa aina ya isoflureni ndiyo inayopendelewa na madaktari wa ndege duniani kwa vile kuku hulala na kuamka upesi, huvuja kupitia tundu la upasuaji, ikapungua nguvu kwa mgonjwa na kuwafikia wanaofanya kazi. Dawa ya sindano haivuji namna hiyo. Upungufu wake ni kwamba ikishaingia mwilini haipunguziki kama gesi inavyofungwa kwa kugeuza kifungo. Aliyedungwa nyingi amedungwa nyingi, isipokuwa kwa zile dawa chache zenye dawa yake ya kuzizimua.

Dawa ya ganzi iliyozoeleka zaidi ni lignokaini. Iliundwa nchini Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren pamoja na Bengt Lundqvist, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, imo katika orodha hiyo. Ni dawa ileile anayodungwa mtu anaposhonwa kidole. Kwa kuwa imezoeleka, huonekana haina madhara, na hapo ndipo msiba wa kuku unapoanzia.

Chupa inayopatikana kwa kawaida huandikwa asilimia 2. Maana yake ni kwamba kila mililita 1 ina miligramu 20 za dawa. Kwa ndege, madaktari wamekuwa wakishauriwa wasizidishe miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Basi kuku mkubwa wa mayai mwenye kilo 2 hastahiki zaidi ya miligramu 8, ambazo ni mililita 0.4, yaani chini ya nusu ya mililita. Kuku wa kienyeji mwenye kilo 1 hastahiki zaidi ya mililita 0.2. Mtu aliyejaza bomba dogo la mililita 2 na kulimaliza lote kwenye tumbo la kuku huyo wa kilo 1, akiona kwamba ni kidogo tu, amempa miligramu 40, mara kumi ya kiwango. Mililita 2 hizo kwa mtu mzima wa kilo 60 ni kitu chepesi. Kwa kuku ni sumu. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonesha kwamba kuku huenda akastahimili zaidi kidogo ya ilivyodhaniwa zamani, lakini majaribio hayo yalifanywa mbele ya mitambo ya kupima moyo na pumzi, na hayampi ruhusa mtu aliye uani na chupa mkononi.

Dalili za aliyezidishiwa hufuatana kwa haraka. Huanza kulegea na kusinzia, shingo ikapinda, kisha akatetemeka na kupata kifafa, na mwisho moyo husimama. Wengi wanaoshuhudia hatua ile ya kwanza hufurahi wakidhani kuku amelala vizuri.

Mililita 0.2 ni tone dogo, na mpasuaji hulalamika kwamba haienei kwenye mstari wote anaotaka kuukata. Jibu la lalamiko hilo ni kuichanganya dawa na maji safi ya chumvi ya kudungia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji. Mchanganyiko huo huwa na miligramu 5 kwa kila mililita, na kuku wa kilo 2 sasa anapata mililita 1.6 bila ya kuzidishiwa hata chembe. Dawa hutiwa polepole chini ya ngozi na katika nyama ya ukuta wa tumbo, kwa kufuata mstari wa kukata, na kila kabla ya kusukuma, bomba hurudishwa nyuma kidogo ili ionekane kwamba sindano haimo katika mshipa wa damu. Kisha hungojwa dakika chache. Bomba linalofaa ni lile la mililita 1 lenye alama ndogo ndogo, na mizani inayofaa ni ya jikoni au ya sokoni iliyo sahihi. Kuku atiwe kikapuni, apimwe, kisha kikapu kipimwe peke yake. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Je, ganzi peke yake inatosha? Kwa kushona jeraha la ngozi, ndiyo. Kwa kufungua tumbo, hapana. Ganzi huua maumivu ya ngozi na nyama ilipotiwa, lakini daktari akivuta mrija wa mayai au firigisi, kuku huhisi mvuto ule kwa ndani, naye akiwa macho atafurukuta. Hofu yenyewe huweza kumuua kuku aliyekwisha kudhoofu. Kwa hivyo ganzi huungana na dawa ya usingizi, na kila moja humpunguzia mwenziwe mzigo: kuku aliyetiwa ganzi vizuri huhitaji usingizi mwepesi zaidi, na usingizi mwepesi ndio wenye salama.

Katika dawa za usingizi za sindano, inayotumika mno ni ketamini. Iliundwa Marekani mwaka 1962, ikaruhusiwa huko kwa matumizi ya binadamu mwaka 1970, nayo pia imo katika orodha ya dawa muhimu. Sifa yake ni kwamba haizimi pumzi kwa wepesi. Aibu yake, ikitumiwa peke yake kwa ndege, ni kwamba mwili hukakamaa, na wakati wa kuamka kuku hupiga mabawa kwa fujo hadi akajiumiza. Kwa ajili hiyo huchanganywa na dawa ya kulegeza misuli na kutuliza, kama diazepamu au midazolamu, au na zailazini, ambayo asili yake ni Ujerumani. Zailazini hulaza vizuri na hupunguza maumivu, lakini huteremsha mapigo ya moyo na pumzi, na kuku mgonjwa hapewi bila ya fikra. Faida yake ni kuwa ipo dawa ya kuizimua. Zamani maabara nyingi zilitumia pentobabito kwa kuku. Siku hizi madaktari wameiacha kwa kazi hii, kwani masafa baina ya kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua ni mafupi mno.

Vipimo vya dawa hizi za usingizi havitajwi hapa kwa makusudi. Ni kazi ya daktari wa mifugo, na dawa zenyewe zinapaswa kukaa katika kabati lenye kufuli na kuandikwa daftarini kila zinapotoka. Jambo moja linafaa kujulikana na kila mtu anayesaidia kazi hiyo: sindano ya ndani ya nyama hudungwa katika kidari. Haidungwi pajani. Kuku ana njia ya damu inayotoka miguuni na kuweza kupitia kwenye mafigo kabla ya kuuzunguka mwili, na dawa iliyodungwa pajani huenda ikachujwa njiani, kuku asilale, mdungaji akaongeza nyingine.

Maandalizi ya upasuaji hayana mambo mengi, ila kila moja lina sababu yake. Kuku hunyimwa chakula kwa saa chache ili gole liwe tupu, maana kilichomo humo huweza kupanda na kumziba akiwa amelala. Hanyimwi chakula mchana na usiku, kwani mwili wake huchoma nguvu upesi. Joto la kuku mzima ni kiasi cha nyuzi 41 hadi 42, na akilala hupoa haraka, hata katika hali ya hewa ya pwani; kwa hivyo manyoya hunyonyolewa yale yanayohitajika tu, spiriti haimwagwi mwili mzima, na chini yake huwekwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Msaidizi mmoja hapewi kazi nyingine isipokuwa kutazama mfupa wa kidari unavyopanda na kushuka na rangi ya undu kichwani. Undu ukigeuka kuwa wa zambarau, mkono wa mpasuaji husimama. Jicho lisitegemewe sana, kwa vile kuku aliyepewa ketamini huweza kulala macho yakiwa wazi.

Kwa kuku jike, ovari na mrija wa mayai wa kushoto ndio hukua na kufanya kazi, na kwa hivyo upasuaji wa yai lililokwama hufanywa upande wa kushoto wa tumbo. Ni vyema isemwe wazi kwamba si kila yai lililokwama linahitaji kisu. Kuku akiwekwa mahali pa joto, akapewa maji na kalsiamu na daktari, na njia ikalainishwa, mengi hutoka. Lingine huonekana mlangoni, likafyonzwa kwa sindano hadi ganda likabonyea, kisha likatolewa. Kisu ni cha mwisho. Na mwenye kuku aelezwe mapema: mrija wa mayai ukiondolewa, kuku yule hatagi tena. Ovari yenyewe haiondolewi kwa kawaida, maana imeshikamana na mishipa mikubwa ya damu. Anayetaka upasuaji kwa matarajio ya mayai ya mwezi ujao amekosea hesabu. Kwa kuku wa kawaida wa kitoweo, kumchinja kwa wakati ni uamuzi wa busara na wa huruma. Upasuaji una maana zaidi kwa kuku wa mbegu, kwa aliyemeza waya akiwa bado na afya, au kwa yule ambaye watoto wa nyumba wamemlea na mwenyewe yuko tayari kulipa gharama.

Kuhusu kuhasi majogoo, neno lake ni fupi. Korodani za jogoo zimo ndani ya tumbo, karibu na mafigo na mishipa mikubwa, na hufikiwa kwa kukata baina ya mbavu za mwisho. Huo ni upasuaji wa tumbo kama mwingine wowote, ingawa katika nchi nyingi umefanywa kwa karne na karne bila ya dawa yoyote, kwa hoja kwamba ni wa dakika chache. Dakika chache za kukatwa mbavuni ukiwa macho si chache kwa anayekatwa. Anayetaka nyama laini amchinje jogoo akiwa bado kijana.

Limebaki suala la chungu, ambalo linawahusu hata wasiofuga. Uamuzi wa kumchinja au kumpasua kuku ni lazima ufanywe kabla ya sindano ya kwanza. Mara nyingi hutokea kwamba upasuaji unaharibika, kuku anakaribia kufa, na mtu anakimbilia kisu akisema asipotee bure. Nyama ile ina dawa ndani yake, na aliyekwisha kufa mezani ni nyamafu, haliwi wala hauzwi. Dawa nyingi kati ya zilizotajwa hazikutengenezwa kwa ajili ya kuku wa mayai au wa nyama, na hazina siku maalumu za kungojea zilizoandikwa kwenye kibandiko chake kwa kuku. Basi ni daktari aliyetibu ndiye atakayeeleza mayai yatupwe hadi lini na nyama isiliwe hadi lini, naye aandike kwa maandishi. Kumpeleka kuku wa namna hiyo sokoni ni kumdanganya mnunuzi.

Mzoga wake nao ufukiwe kwa kina. Usitupwe jaani kwa paka na kunguru. Ipo habari inayojulikana kutoka Bara Hindi: dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, iliyokuwa ikipewa ng'ombe, iliua tai waliokula mizoga ya ng'ombe hao, kwa idadi kubwa hata aina kadhaa za tai zikakaribia kutoweka. Chanzo chake kiligunduliwa na kutangazwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikachukua hatua za kuizuia kwa mifugo. Habari hiyo ina funzo jingine pia kwa mfugaji: vidonge vya maumivu vya nyumbani, hasa hivyo vya diklofenaki, asipewe kuku. Dawa za maumivu zinazotumiwa na madaktari wa ndege, kama meloksikamu na butofanoli, zipo, na daktari atapima mwenyewe. Kuku aliyepasuliwa anazihitaji, kwa kuwa ganzi huisha baada ya muda mfupi lakini jeraha bado ni bichi.

Baada ya kushonwa, kuku huviringishwa kitambaa kwa ulegevu, mabawa yakiwa yametulia na kidari kikiwa huru, akawekwa kwa tumbo au kwa ubavu mahali pa giza, kimya na joto. Halazwi chali. Shingo hunyooshwa ili koo isizibe, na mtu hukaa naye mpaka ainue kichwa mwenyewe. Maji na chakula hungoja hadi asimame bila ya kuyumba. Akinyweshwa kabla, maji hushuka kwenye pumzi. Harudishwi bandani siku hiyo, kwani kuku wenzake wakiona wekundu wa jeraha humdonoa. Atakaa peke yake mpaka ngozi ishikane, akikaguliwa asubuhi na jioni, na wenye nyumba wakitazama mambo mawili: kama anakula, na kama anatoa choo.